Naomba ushauri: insha za kidato cha kwanza, nisahihishe kila kosa au nichague?

Habarini wakuu, hasa walimu wenzangu wa Kiingereza. Nafundisha kidato cha kwanza shule ya kata, watoto wametoka msingi walikosoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, sasa ukiwapa insha unakutana na "my mother she buy tomatoes" daftari zima. Nasahihisha yote kwa peni nyekundu, nikirudisha mtoto anaangalia maksi tu anafunga, wiki inayofuata "she buy" iko palepale.

Sasa nimesoma kwamba John Truscott mwaka 1996 aliandika kabisa kuwa kusahihisha sarufi kwenye insha hakusaidii, tuachane nako, halafu 1999 Dana Ferris akambishia kwamba masahihisho yakichaguliwa vizuri na yakaeleweka yanasaidia. Mi naegemea kwa Ferris, ila sidhani kama hao watafiti walikuwa na darasa lililofurika kama langu kichwani.

Kuna aliyejaribu kushika kosa la aina moja tu kwa wiki, tuseme wakati uliopita, mengine akayapita? Na mwalimu wa taaluma mlimwelezaje akikuta makosa hayajaguswa, maana huku daftari lisilo na wino mwekundu unaonekana mvivu tu.