Msaada wakuu: nampeleka mama India kutibiwa, visa ipi na nianzie wapi?

BintiChangombe
Mbukwenyi wakuu, na wakubwa wote shikamooni. Nipo hapa Dodoma, Chang'ombe, naombeni msaada maana tangu juzi silali vizuri. Mama yangu ana tatizo la valvu ya moyo, familia tumekaa kikao tukakubaliana aende India, kuna hospitali Chennai tumeandikiana nao kwa imeili na wamesema wanampokea. Hela tumechanga, ukoo umejitahidi jamani mpaka ng'ombe wameuzwa kule Kondoa. Kinachonichanganya sasa ni visa. Mmoja ananiambia India ni onlaini tu unamaliza umekaa kwako, mwingine anasema lazima niende ubalozini Dar, halafu kuna jamaa ana ofisi ya safari hapa mjini anasema nimpe hela yeye afanye kila kitu, sote watatu (mama, mimi na kaka) atatuombea visa ya utalii eti ndo nyepesi kuliko ya matibabu. Pia nimeona tiketi ya bei nzuri inapitia Addis Ababa nataka nilipie leo kabla haijapanda. Pasi yangu ni ya mwaka jana. Mama hana kabisa. Kaka anayo ile ya zamani aliichukua 2017 imeandikwa inaisha 2027 kwa hiyo yeye yuko sawa. Nianze na nini? Mama ana miaka 63, hajawahi kupanda ndege, sitaki akwame uwanjani akiwa mgonjwa.

Kaka wa Ipagala
Dada pole sana, Mungu amsimamie mama. Kwanza kabisa USILIPE hiyo tiketi leo. Visa kwanza, tiketi baadaye, ukitaka kushikilia bei waambie wakufanyie buking bila kulipa.

Pili kaka yako hayuko sawa. Pasi za zamani zilikoma kutumika Januari 2020, hata kama ndani imeandikwa 2027 hiyo siyo pasi tena. Zinazotumika ni hizi za kielektroniki zilizozinduliwa Januari 2018. Kwa hiyo una watu wawili wa kuwashughulikia pasi, siyo mmoja, na hilo ndo la kuanza nalo kesho asubuhi maana fomu ya visa inataka namba ya pasi, bila pasi mkononi hakuna kinachosogea.

Tatu kuhusu visa ya utalii, hapo nakusihi kwa moyo wote usikubali. Yalitukuta sisi. Baba mkwe alikuwa anaenda kutibiwa figo, aliyetushughulikia akatujazia utalii kwa maneno hayo hayo ya "ndo nyepesi". Tumefika kule, afisa wa uhamiaji anamuuliza mzee umekuja kufanya nini, mzee wa watu ni mkweli akajibu nimekuja hospitali, figo zangu mbovu. Afisa akaangalia visa, akamwangalia mzee, akatuambia tusogee pembeni. Tulikaa pale zaidi ya masaa matatu, mzee miguu imevimba, amevua viatu, anaomba maji, mimi nampigia simu mtu wa hospitali hapokei maana kule ilikuwa usiku wa manane. Mwisho walituruhusu baada ya kuona barua lakini sitasahau, na afisa angeamua kuturudisha angekuwa na haki kabisa kwa sababu tulichoandika na tulichokwenda kufanya ni vitu viwili tofauti. Visa inakufikisha mlangoni tu, wa kukufungulia mlango ni yule afisa aliyekaa pale.

India wana visa ya onlaini ya matibabu ya mgonjwa mwenyewe, na nyingine ya msindikizaji. Mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili, kwa hiyo wewe na kaka mnaenea sawasawa. Watanzania tupo kwenye orodha ya hiyo ya onlaini, huna haja ya kupanda Dar kwa ajili ya ubalozi. Inakupa siku 60 kuanzia siku mliyoingia, na ndani ya hizo mnaweza kuingia mara tatu.

Mjasiri2
Mi naona mpe huyo jamaa hela afanye, hao wana uzoefu, wewe una mgonjwa utaweza wapi kuhangaika na makompyuta

Kaka wa Ipagala
Mjasiri2 kuna mawakala wazuri sijakataa, lakini anayeanza kwa kumshauri mgonjwa wa moyo aseme anaenda kutalii huyo simwamini. Akikosea yeye anabaki ofisini kwake, anayesimama mbele ya afisa ni mama.

Steshenari Jamatini
Habari dada. Mimi nina steshenari, hizi fomu za India nawajazia watu mara kwa mara kwa hiyo nikueleze zilivyo.

Websaiti halali ni ya serikali ya India, anwani yake inaishia na gov.in, ni indianvisaonline.gov.in. Ukitafuta tu kwenye gugo utaletewa nyingi zinazofanana nayo, zina bendera na picha ya Taj Mahal, ila mwisho ni .com au .org. Kuna mteja alinijia analia, alishalipa huko mara mbili ya bei na visa hakupata. Angalia mwisho wa anwani kabla hujaandika hata herufi moja.

Fomu ni ndefu. Inauliza majina ya baba na mama na walikozaliwa, dini, alama inayoonekana mwilini (kovu, baka), kama wazazi au mababu walikuwa raia wa Pakistani, inataka mtu wa kumtaja kule India, hapo weka hospitali na anwani yake, na mtu wa kumtaja huku nyumbani. Ukishaanza inakupa namba ya muda ya maombi, iandike kwenye karatasi hapo hapo maana intaneti ikikata katikati bila hiyo namba unaanza upya. Picha iwe ya mraba, nyuma kweupe, uso wote unaonekana, bila miwani. Ukurasa wa pasi wenye picha unaskaniwa kuwa PDF isiyozidi KB 300, hapa ndo wengi wanapokwama, simu inatoa faili kubwa mfumo unalikataa. Barua ya hospitali nayo inapakiwa, iwe kwenye karatasi yenye nembo yao.

Sasa sikiliza hili. Namba za pasi zetu zinaanza na TAE halafu tarakimu. Nimeona mtu ameandika herufi O badala ya sifuri, visa ikatoka na namba siyo yake. Hiyo hairekebishwi, unaomba upya na unalipa upya, ada hairudishwi hata wakikunyima. Mimi nikishajaza namsomea mteja kwa sauti, yeye kashika pasi, mi nasoma kwenye skrini, tarakimu moja moja. Na majina hivyo hivyo. Kama pasi ina majina matatu fomu iwe nayo matatu, na barua ya hospitali ifanane na pasi. Cheki barua yako sasa hivi dada, wahindi wanaandikaga jina kama walivyolisikia kwenye simu.

Omba angalau siku 4 kabla ya kufika, hiyo ni sheria yao, ila mimi nakwambia omba wiki tatu kabla, mgonjwa haendeshwi kwa kubahatisha. Jibu linakuja kwa imeili, liprinti nakala mbili, usitegemee simu ina chaji.

Nesi Makole
BintiChangombe pole mdogo wangu. Mi nagusa upande wa afya tu maana naona kila mtu kakimbilia fomu.

Hiyo njia ya Addis. India wako makali sana na homa ya manjano, na Ethiopia ipo kwenye orodha yao ya nchi zenye huo ugonjwa, Kenya pia. Ukitokea au ukipitia huko ndani ya siku 6 bila kadi ya njano (ile ya kuonyesha umechanjwa) wana mamlaka ya kukutenga mpaka siku 6. Kama mnabadilisha ndege tu bila kutoka uwanjani wanaweza wakawaachia lakini hayo ni maamuzi ya afisa afya wa pale, kwa mgonjwa wa moyo mimi nisingeomba huruma ya mtu. Sasa watu wanachanja siku mbili kabla ya safari wakidhani wamemaliza. Kadi inaanza kutambulika siku ya 10 BAADA ya sindano. Ukishachanja ni ya maisha, tangu 2016 haina kuisha, hata ile kadi ya zamani iliyoandikwa miaka kumi bado inafaa.

Lakini na hili ni muhimu zaidi: mama ana miaka 63. Chanjo hii ni ya kirusi hai, kuanzia miaka 60 inaangaliwa kwa umakini zaidi, na yeye ana ugonjwa. Usimpeleke tu kwenye foleni achomwe. Mpeleke kwa daktari wake wa moyo amtazame kwanza. Akisema asichanjwe ataandikiwa cheti cha msamaha kwenye hiyo hiyo kadi, na hapo kwa kweli bora muachane na Addis mtafute njia nyingine, shirika letu la ndege, Air Tanzania, lina ruti ya Dar kwenda Mumbai moja kwa moja, angalia ratiba yao halafu mnaunganisha ndani kwenda Chennai. Inaweza kuzidi bei kidogo lakini ni kushuka mara chache na hamgusi nchi ya tatu.

Dawa za mama ziwe kwenye begi la mkononi, ndani ya maboksi yake yenye majina, na barua ya daktari. Usizimwage kwenye kikopo kimoja.

Mpita Njia Kongwa
Samahani naingilia, mimi naenda Sauzi kumsalimia dada wiki mbili, nayo inahitaji visa?

Kaka wa Ipagala
Sauzi kwa Mtanzania kutembea huhitaji visa, una mpaka siku 90 kwa mwaka. Ila beba tiketi ya kurudi na anwani ya dada yako, na kama ndege inakupitisha Nairobi soma hapo juu kwa Nesi kuhusu kadi ya njano. Tusimchanganyie dada uzi wake lakini.

Steshenari Jamatini
Nimesahau kitu. India sasa hivi wana kadi ya kuingilia ya onlaini, imeanza Oktoba 2025, mgeni anaijaza ndani ya siku tatu kabla ya kufika na ni BURE, ukiona sehemu inadai hela toka. Halafu taslimu, mkibeba zaidi ya dola 5,000 za noti mnatakiwa kutamka pale forodha mnapoingia. Najua familia nyingi zinabeba hela ya operesheni mfukoni, usifiche, kutamka siyo kosa, kosa ni kukutwa nayo hujatamka. Bora zaidi mlipe hospitali kwa benki.

Na kama mama atahitaji kukaa zaidi ya siku 60 msikae kimya mpaka zipite. Wasimamizi wa wageni kule wanaitwa FRRO, waambieni watu wa hospitali mapema wiki hata mbili kabla wawasaidie kuomba kuongezewa.

BintiChangombe
Jamani nimesoma huku machozi yananitoka, asanteni sana, Nesi shikamoo dada, asante kwa la chanjo maana kesho nilikuwa nampeleka.

Tiketi sijalipa. Kaka nimempigia, alibisha kwanza eti pasi yake haijaisha, nikamsomea hapa akanyamaza. Nimefungua barua ya Chennai kama alivyosema Steshenari, wameandika Mariam na kitambulisho cha NIDA cha mama ni Mariamu, nimeshawaandikia waibadilishe. Swali la mwisho, mama hana cheti cha kuzaliwa, alizaliwa kijijini Kondoa nyumbani siyo hospitali, hapo pasi tunapataje?

Kaka wa Ipagala
Hao ndo wengi wa umri wake, msiogope. Cheti cha kuzaliwa (cha RITA) cha mtu mzima kinashughulikiwa wilaya aliyozaliwa, kwa hiyo mtu mmoja apande basi aende Kondoa ofisi ya mkuu wa wilaya, abebe nakala ya NIDA ya mama na barua ya serikali ya kijiji, aulize pale wanataka nini kingine. Hilo ndo litakula siku zenu kuliko yote kwa hiyo lianze kabla ya kitu chochote. Hakikisha wanaandika Mariamu kama ilivyo NIDA, asimame hapo hapo dirishani asome kabla hajaondoka. Kikishatoka fomu ya pasi inajazwa onlaini kwenye websaiti ya Uhamiaji, jumla ni 150,000 unalipia kwa kontrol namba, halafu mama mwenyewe aende kuchukuliwa alama za vidole na picha. Beba na barua ya hospitali maana watauliza anasafiri kwa ajili gani.

BintiChangombe
Sawa kaka. Mjomba anaondoka na basi la saa kumi na mbili kesho kwenda Kondoa, nakala ya NIDA nimeshampa na jina nimemwandikia kwa herufi kubwa kwenye karatasi.