Pete ya uchumba isiyo na doa: nitazame jiwe au dhahabu?

Mtafutaji
Habari za humu wakuu. Natafuta pete ya uchumba ambayo haikumwaga damu ya mtu wala kuharibu mto wa mtu. Kila sonara ana lake: huyu anasema almasi yake ina cheti cha Kimberley, yule anasema ya maabara ndiyo rafiki wa mazingira, mwingine anajisifu kwa dhahabu iliyoyeyushwa upya. Lipi lina uzito, na niulize nini kabla ya kulipa?

Lenzi10
Mkuu, hilo la Kimberley liweke kando kwanza. Mpango ule ulioanza kazi 2003 unazuia jambo moja tu: almasi ghafi zinazouzwa na waasi kugharimia vita dhidi ya serikali. Askari wa serikali akiwapiga wachimbaji, au mtoto akichekecha mchanga kutwa nzima, jiwe bado linapita. Tena cheti chenyewe husindikiza shehena ya mawe ghafi mpakani, si jiwe moja moja. Jiwe likishakatwa, hakuna karatasi ya Kimberley inayolifuata hadi kwenye kidole. Shirika la uchunguzi la Global Witness, waliokuwa mstari wa mbele kuudai mpango huo, walijitoa 2011.

Usichanganye na ripoti ya GIA, taasisi ya Marekani inayopima ubora wa vito. Hiyo kwa kawaida inataja karati, rangi, usafi na ukataji, haisemi mchimbaji alilipwa nini. Dai jina la mgodi, nchi na mahali jiwe lilipokatwa, viandikwe kwenye risiti. Kisha soma kwa lenzi ya mara 10 namba iliyochorwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe, ilingane na ripoti. Ukijibiwa "tunanunua kwa watu waaminifu", elewa kwamba hawajui.

Plasma
Almasi ya maabara ni almasi kweli, kaboni ileile, ugumu 10 kwenye kipimo cha Mohs, ambacho mwisho wake ni 10. Njia ya HPHT hutumia joto la nyuzi 1,300 hadi 1,600 za Selsiasi na mgandamizo mkubwa mno. CVD hukuza jiwe tabaka kwa tabaka kutoka gesi ya methani na haidrojeni, na mashine inaweza kuwaka wiki kadhaa. Kwa hiyo swali ni moja: umeme ulitoka wapi? Wa makaa ya mawe na wa maji hautoi jiwe la aina moja kimazingira. Mtengenezaji asiyetaja kiwanda na chanzo cha umeme hana haki ya kutumia neno "kijani".

Tanuri
Wote mmekazana na jiwe. Karati moja ni gramu 0.2, dhahabu ya pete hiyohiyo ni gramu 4 au zaidi, na hapo ndipo uchafu mwingi ulipo. Wachimbaji wadogo hukamatisha chembe za dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Mvuke wake huvutwa na mchomaji na waliomzunguka, na mabaki huishia mtoni. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki ambayo binadamu hutoa hewani. Mkataba wa kimataifa wa Minamata unaoshughulikia zebaki ulianza kutumika 2017.

Kuwakimbia wachimbaji wadogo si dawa, maana maelfu kwa maelfu wanakula kwa kazi hiyo. Tafuta dhahabu yenye ithibati ya Fairtrade au Fairmined, ambapo kikundi cha wachimbaji hulipwa nyongeza juu ya bei ya soko. Ila kwa Fairmined uliza ni mfumo upi: upo ambao dhahabu haichanganywi na nyingine na pete hupigwa muhuri, na upo wa kuchanganya, ambao hauna muhuri.

"Iliyoyeyushwa upya" isikulevye. Dhahabu ni ghali, haijawahi kutupwa, imekuwa ikiyeyushwa tangu zamani. Pete yako haipunguzi shimo hata moja, na dhahabu chafu ikipita tanurini mara moja huitwa safi.

Mtafutaji
Asante sana wakuu. Na pete ya urithi ikiyeyushwa kutengeneza mpya?

Tanuri
Kabla ya kuyeyusha, jaribu kuitumia ilivyo: kubadilisha saizi na kujenga upya kucha zinazoshika jiwe huhitaji metali kidogo tu. Ukiyeyusha, sonara akate kwanza sehemu zote zenye lehemu. Lehemu ina zinki na hutoa vishimo, na risasi kidogo tu hufanya dhahabu ipasuke kama biskuti. Halafu fanya hesabu. Pete huundwa kwanza kwa nta, kisha dhahabu humiminwa kwenye nafasi ya nta hiyo: mfano wa nta wa gramu 0.26 hutoa pete ya karati 18 (karati ya dhahabu ni kiwango cha usafi, si uzito kama ya jiwe) yenye gramu 4, lakini tanurini zinahitajika kama 7, kwa kuwa njia ya kumiminia nayo lazima ijae. Pengo hilo mafundi wengi hulijaza kwa dhahabu mpya. Uliza inatoka wapi.

Lenzi10
Ukiachana na almasi, yakuti samawi ina ugumu wa 9, na moisanaiti, kito kinachofanana na almasi, 9.25 na hukuzwa maabara. Kwenye lenzi, kingo za ndani za moisanaiti huonekana mbilimbili. Kifaa cha kupima almasi kwa joto, kikitumika peke yake, hukiita kito hicho almasi. Zumaridi na tanzaniti ni laini au zina nyufa. Kwa pete ya kila siku zizungushie ukuta wa dhahabu badala ya kucha, na usiruhusu zisafishwe kwenye mashine ya mtetemo.