Tupeane uzoefu: pistoni ya kasti na ya foji kwenye kwadi ya tustroki

Mwana_Malindi (Muscat)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wenye kwadi (pikipiki za matairi manne) za tustroki, injini zile za petroli iliyochanganywa na oili, naomba mje hapa mseme mliyoyaona kwa macho yenu, sio yaliyoandikwa kwenye boksi la spea. Mie nna Yamaha Banshee, ile 350 ya silinda mbili inayopoozwa kwa maji, na saa hizi silinda zote mbili ziko juu ya meza nnazitazama roho inaniuma.

Ilivokuwa ni hivi. Mwaka jana niliweka pistoni za foji (za kufuliwa) pande zote mbili, maana kila niliyemuuliza huku akiniambia Banshee ya mchangani bila ya foji ni kujitafutia hasara. Nikakubali, silinda zikachongwa mpaka milimita 64.50 (ya kiwandani ni 64.00), nikafunga, ikawa inakwenda vizuri sana. Ijumaa moja ya mwezi wa kwanza tulilala Bidiyah na watoto wa shangazi yangu, na baridi ya alfajiri ya kule mchangani mliokaa huku mnaijua, vidole vinakufa ganzi. Nikaipiga kiki, ya pili ikawaka, wenzangu washaanza kupanda tuta na mie nikavaa helmeti nikawafuata. Hazijatimia hata dakika mbili tangu iwake. Katikati ya tuta, gia ya nne, resi yote, nikahisi injini inavutwa nyuma kama imeshikwa na mtu, matairi ya nyuma yakafunga, nikabana klachi upesi nikateremka nayo kinyumenyume. Alhamdulillah sikuumia.

Nilipofungua, pistoni ya kushoto ina mikwaruzo pahala panne, kwenye pembe zake, mbili upande wa ekzosi na mbili upande wa kabureta, na katikati ya skati (ubavu wa chini wa pistoni) hapana kitu panang'aa tu. Ringi ya juu imefinywa ndani ya njia yake haitoki. Pistoni ya kulia nzima.

Sasa nirudi kwenye kasti (zile za kusubu) au nibaki na foji? Na jengine, kwa vile ya kulia ni nzima, naweza kuacha foji kulia nikatia kasti kushoto?

Kijana_wa_Moshi (Phoenix, Arizona)

Pole sana kaka, shukuru Mungu umeshuka mzima. Nianze na swali la mwisho, usichanganye. Foji na kasti uzito wake haufanani na Banshee ni silinda mbili kwenye krenki moja (shafti inayozungushwa na pistoni), utaleta mtetemo ambao utakula beringi. Ukichonga kushoto chonga na kulia, saizi moja, aina moja.

Mimi yangu ni Banshee ya 2004, tunaendeshea Glamis kule California, matuta ya mchanga makubwa kweli, msimu unaanza Oktoba joto likishapungua. Ilikuja na kasti na nikaziacha, na kusema ukweli zilinitunza muda mrefu. Kosa langu lilikuja baadaye. Msimu mmoja nikawa nasikia asubuhi mlio ka-ka-ka-ka kwenye silinda, injini ikipata moto mlio unapungua, ikipoa unarudi. Nikajipa moyo kwamba ngoja msimu uishe ndo nifungue. Wakuu, ule mlio ni pistoni inapiga ukuta wa silinda kwa sababu nafasi imekuwa kubwa, na kasti haipendi kupigizwa, inapasuka kidogokidogo kwenye skati huko chini ambako huoni.

Mwezi wa 11 nikiwa niko full resi kwenye mchanga tambarare ikakata kauli. Sio kukwama, ilikatika tu na mlio wa vyuma. Skati ya upande wa kabureta ilikuwa haipo. Vipande vilishuka kwenye krenki, vingine vikapandishwa na upepo wa transfa (njia zinazopandisha petroli na hewa kwenye silinda) vikaja juu vikagonga hedi, kichwa cha pistoni kilikuwa na vishimo kama kimepigwa na misumari. Na krenki ya Banshee imeshindiliwa kwa presi vipande vipande, beringi ya koni rodi ikishaingia takataka huchomoi moja ukaweka mpya ukaondoka, ni krenki nzima. Kwa hiyo nililipa pistoni, kuchonga, krenki, beringi zote, oilsili, gasketi, na wiki tatu za kusubiri. Silinda niliyoipima baada ya hapo ilikuwa na nafasi ya milimita 0.15 kati ya pistoni na ukuta, wakati ikiwa mpya ilikuwa 0.06.

Tangu hapo natumia foji. Imeshawahi kunikwama mara moja oilsili ya upande wa stata ilipovujisha hewa miksi ikawa kavu (hewa nyingi, petroli kidogo), ikakwaruzika vibaya sana lakini ilibaki kipande kimoja na krenki ikapona. Hiyo ndo tofauti niliyoiona mimi, foji ikifa inakwama, kasti ikifa inaweza kuvunjika.

Siku hizi nikishafunga hedi, kabla ya kuiwasha, naziba ekzosi na kabureta napiga upepo psi 6 (kipimo cha presha) naangalia geji, ikishuka zaidi ya psi 1 kwa dakika siiwashi mpaka nijue inavujia wapi.

resi_moto (Dubai)

Foji tu kaka. Kwenye mchanga kasti ni ya kuanzia maisha.

Fundi_Enduro (Unguja)

Wanangu, mie sina kwadi. Natengeneza mashine za boti, hizi Enduro 15 na 40 za wavuvi wetu, lakini tustroki ni tustroki, pistoni haijui kama iko baharini au mchangani.

Mwanangu wa Malindi, hiyo pistoni yako imeshakwambia maradhi yake. Mikwaruzo ya pembe nne ni kukwama kwa baridi. Pale pembeni mwa pini (ile inayoshika pistoni na koni rodi) ndipo chuma kilipo kinene, pakipata moto ndipo panapotanuka zaidi. Pistoni hupata moto kwa sekunde, silinda yako imezungukwa na maji ya baridi ya usiku kucha, ile inatanuka hii bado, nafasi inakwisha. Ungeona mikwaruzo upande wa ekzosi peke yake ningekwambia joto au miksi kavu. Ungeona upande wa kabureta peke yake ningekwambia oili haikutosha.

Na hii foji na kasti msikariri majina, mjue vinavyofanywa. Kasti ni ya kusubu, alumini imeyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu, na huwa imechanganywa silikoni nyingi ambayo inaizuia isitanuke sana. Ndo maana unaweza kuifunga kwa nafasi ndogo na ikakaa kimya. Foji imefuliwa, kipande cha alumini cha moto kimegandamizwa ndani ya umbo kwa nguvu kubwa, chembe zake zimeshikana, ni ngumu kuvunjika, lakini hutanuka zaidi na kwa hiyo hutaka nafasi kubwa zaidi na hutaka kusubiriwa. Ukiipa nafasi ya kasti umeiua mwenyewe.

Sasa nikupe nililoliona. Kuna nahodha mmoja hapa alikuwa nje ya Nungwi, mfuko wa plastiki ukaziba njia ya maji ya Enduro 40, yeye yumo mbioni na samaki anasubiriwa mnadani, mashine ikazima ikagoma kuzunguka. Wakakaa nusu saa wakaitoa ule mfuko, mashine ikapoa, wakavuta kamba ikazunguka wakarudi taratibu. Nilipoifungua kasti ya juu ilikuwa na michirizi upande wa ekzosi lakini haijapasuka. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kasti ni ya kuanzia maisha mie nanyamaza tu, maana hawa watu wanalisha familia zao kwa kasti, wanawasha na kuzima mara kumi kwa siku, na hakuna anayesubiri mashine ipate moto wimbi linapomsukuma kwenye mwamba.

Nenda kapime silinda kwanza. Tumia dial geji (ya kupimia upana wa ndani), juu, katikati na chini, mbele-nyuma kisha kulia-kushoto. Pistoni upime kwa maikromita chini ya skati, kwa kukatisha pini, urefu ule karatasi inaosema. Halafu njoo utwambie uliipa nafasi gani. Na hiyo alumini iliyoganda ukutani isikutishe, kwa vile silinda yako ni ya slivu ya chuma (bomba la chuma ndani yake), asidi ya hidrokloriki kidogo kwenye kijiti cha pamba inaila alumini na alama zinaonekana za kweli, ila vaa glavu, fanya nje penye upepo, kisha osha maji mengi na upake oili papo hapo isishike kutu. Ukimaliza pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, chonga.

Mama_Rider65 (Nairobi)

Habari zenu, mimi ni mzazi tu ila nimejifunza kwa lazima. Kijana wangu anakimbia motokrosi hapa Jamhuri na KTM 65, na fundi wetu alinipa daftari siku ya kwanza akaniambia, mama, andika masaa. Tunatumia kasti, kila masaa 20 inatoka, hata kama iko sawa inatoka. Nilibisha mara ya kwanza kwa sababu ya pesa, nikamwambia hii pistoni haina hata mkwaruzo. Akachukua ile ya zamani akaibana taratibu kwenye skati mbele yangu na tochi, tukaona mstari mwembamba kama unywele ukianzia kwenye kona ya dirisha la chini (tundu lililokatwa kwenye skati) ukipanda. Sijabisha tena. Hiyo pistoni iko kwenye kabati jikoni mpaka leo.

Silinda yake haichongwi kwa sababu ni ya naikasili (ukuta wake umepakwa tabaka gumu jembamba), ukiiharibu unaitafutia kupakwa upya ama unanunua nyingine, kwa hiyo bei ya pistoni kwangu ni ndogo ukilinganisha. Na klipu za pini tunatupa kila mara, hazirudi.

Kaka wa Muscat, wewe unaandika masaa?

blasta_tanga (Tanga)

Nina Blaster 200 iliyoletwa na mzungu mmoja akaondoka akaniachia. Hiyo inapozwa kwa upepo hivo inapata moto upesi, kasti, miksi ya petroli 32 kwa oili 1, pampu ya oili ilishatolewa kabla sijaipata. Miaka minne sijaona shida. Siendi mbio lakini, ni kwenda shamba na kurudi.

resi_moto (Dubai)

Mzee Fundi shikamoo. Nimesoma nikakuelewa, kuhusu nafasi nilikuwa sijui kama zinatofautiana kiasi hicho. Mimi yangu nilipeleka kwa watu wakafunga tu.

Fundi_Enduro (Unguja)

Marahaba mwanangu. Waombe namba walizopima, kama waliandika.

Mwana_Malindi (Muscat)

Mzee wangu shikamoo, na ahsanteni nyote, nimerudi na majibu na mengine yameniuma.

Nimepima na rafiki yangu anayefanya kazi ya lathi. Silinda ya kulia, ambayo haikukwama, nafasi ni milimita 0.05. Karatasi iliyokuja na zile foji, ambayo nimeikuta kwenye droo bado imekunjwa haijafunguliwa, inataka 0.075. Yaani aliyenichongea mwaka jana alichonga kwa kipimo cha kasti alichokizoea na mie sikumpa karatasi wala hakuniuliza. Mwaka mzima nilikuwa napanda matuta na pistoni iliyobanwa, mchana kwenye joto ikavumilia, alfajiri ile ya baridi ndo ikashindwa. Dada yetu wa Nairobi, masaa sikuwa naandika, nimenunua daftari.

Asidi nimetia kama mzee alivosema, alumini imetoka, lakini pembe moja ya upande wa ekzosi ukucha unakwama. Kwa hiyo zimechongwa zote mbili 64.75.

Na nimetia kasti. Kijana wa Moshi najua wewe ungenambia foji, na kama injini yangu ingekuwa imekatwa poti (matundu ya silinda) au hedi imebadilishwa ningekusikiliza, lakini yangu iko kama ilivotoka kiwandani, ekzosi tu ndo ya kununua. Na ukweli wa matumizi yangu ni kwamba kambini tunaigombania watu watano, huyu anashuka yule anapanda, inazimwa inaachwa saa nzima kisha mtoto wa shangazi anaidaka na kuondoka nayo kabla sijafika kumshika. Mie nitajifunza kusubiri, wao siwezi kuwaapia.

Nafasi 0.06 pande zote, mwanya wa ringi nimeupima ndani ya silinda kwa fila (vibati vya kupimia mwanya) 0.26, mshale wa pistoni umetazama ekzosi, klipu mpya. Nimepiga upepo psi 6, dakika sita haikushuka hata psi mbili.

Kijana_wa_Moshi (Phoenix, Arizona)

Safi sana kaka, kwa matumizi hayo sikubishii hata kidogo. Ombi langu moja, mwisho wa msimu fungua upime hata kama inakwenda vizuri, ikifika 0.10 usiniige.

Mwana_Malindi (Muscat)

In shaa Allah nitafungua, nishaandika ukurasa wa kwanza wa daftari.

Jana magharibi nimeiwasha mara tatu uani, kila mara naiacha inguruma taratibu na mkono wangu uko juu ya rejeta mpaka joto lije kiganjani, kisha nazima naiacha ipoe kabisa ndo nawasha tena. Mara ya tatu mtoto wa shangazi kaja kasimama pembeni na helmeti kichwani. Nimemwambia weka mkono hapa, ukiona bado baridi hatuendi. Kaweka, kangoja.