Mrejesho: Reli ya Blue Mountains katika simyuleta ya treni

Niliomba ushauri kuhusu kuijenga, ndani ya simyuleta (programu ya kompyuta ya kuigiza uendeshaji wa treni), njia ya reli ya Penrith hadi Lithgow, huko New South Wales, Australia, kwa sababu reli yangu ilikuwa ikipanda na kushuka kama mawimbi, ingawa nilitumia data za urefu wa ardhi zilizopimwa kutoka angani. Nawashukuru mlionielekeza kuzitumia data hizo kwa milima tu, si kwa reli. Vipimo vya nukta zilizoachana mita 30 havioni mkato mwembamba wa reli uliochimbwa katika mawe ya mchanga, na penye msitu mara nyingi hupima vilele vya mikaratusi badala ya udongo.

Sasa ninaitandika reli kwanza kwa kufuata mchoro wa miinuko, kisha ardhi ndiyo inayosawazishwa kuifuata. Kati ya Valley Heights na Katoomba nimeweka mwinuko wa 1 kwa 33 (kupanda mita moja kila mita 33), na treni ya mizigo inahangaika kama inavyostahili. Enzi za mvuke, injini za kusukuma ziliwekwa Valley Heights kwa sababu hiyo hiyo.

Kipindi nilichokichagua, baada ya 1957, kimerahisisha mengine: nyaya za umeme wa volti 1,500 zinafika Lithgow, na mahandaki kumi ya 1910 yameshachukua nafasi ya Zig Zag ya 1869 (reli iliyoshuka mlima kwa kwenda na kurudi), ambayo, nakiri, ningetamani kuijenga pia. Zimebaki ishara za kuongozea treni. Kwa sasa nimeazima za njia ya Uingereza, na zinaonekana ngeni kabisa pale.