Kinyonga hagusi maji: nimjengee banda la namna gani hapa Dodoma?

mama_tuntu, Nkuhungu
Habari zenu wapendwa. Wiki mbili zilizopita walikata ua wa michongoma wa jirani ili wajenge ukuta, mwanangu akamtoa kinyonga kwenye matawi yaliyokuwa yanasubiri kuchomwa. Wa kijani, ana vishavu viwili vimelala nyuma ya kichwa. Majirani walitaka auawe, wanasema ni mkosi. Nikakataa. Nimemweka kwenye tangi la kioo la samaki, na tawi moja na kisahani cha maji. Panzi anakula, ila maji hajayagusa hata siku moja. Tangu juzi macho yameingia ndani, na mchana anakuwa mweusi, mdomo wazi. Fundi seremala nimempata, naomba vipimo. Taa nayo ni lazima?

wa_mpwapwa
Mama Tuntu, mtoe kwenye kioo leo hii, fundi utamsubiri baadaye. Mdomo wazi wakati wa mchana ni joto limemzidi, na weusi ni dalili ya kuhangaika. Tangi likipigwa na jua linakuwa jiko, halafu kioo hichohicho kinazuia ile mionzi inayomjengea mifupa. Anaungua bure. Mfungie hata kwenye chandarua chini ya mti kwa leo.

Kisahani kiondoe. Kinyonga hayatambui maji yaliyotulia, anakunywa tone linalong'aa kwenye jani. Wa kwangu wa kwanza alikufa kwa kiu mwaka 2014 pembeni ya kikombe kilichojaa, na mimi kila asubuhi nilikuwa nakiosha na kubadilisha maji nikiamini namtunza. Mpaka leo inaniuma.

Chukua chupa ya kupulizia, ile ya saluni, ila iwe mpya, isiwe na harufu ya dawa. Puliza majani taratibu dakika tano nzima. Mwanzoni atatulia tu, hata atageuza uso. Usikate tamaa. Baadaye utaona jicho moja linafuata tone, anasogeza mdomo kwenye jani, koo linapanda na kushuka polepole. Hapo usisogee. Asubuhi na jioni, na kiangazi hiki ongeza ya mchana, maana upepo wetu unakausha jani kabla hajalifikia. Mimi natundika pia chupa ya lita moja na nusu yenye mpira wa dripu, idondoke tone tone juu ya majani. Angalia kinyesi: ile sehemu inayotakiwa kuwa nyeupe ikiwa ya rangi ya chungwa, bado ana kiu.

Banda: fremu ya mbao, upana sentimita 60, kina 60, kimo 120. Usikubali fundi akupunguzie kimo, huyu anaishi juu. Pande tatu wavu wa chuma wenye matundu madogo, upande unaopigwa na upepo weka ubao. Ndani mche wa haibiskasi kwenye ndoo, na fito za unene wa kidole, nyingine zilale, nyingine ziinuke, ili achague mwenyewe jua au kivuli. Liweke mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Ukifanya hivyo taa ya nini? Usiku wa Juni na Julai lifunike kwa blanketi au uliingize ndani.

Panzi wa kwenye mashamba ya zabibu yanayopigwa dawa usimpe.

fundi_kizota
Miguu ya banda isimamishe kwenye makopo yenye maji. Sisimizi wakimkuta amelala usiku wanammaliza. Na usipake vanishi.

nzuguni_yetu
Dada, huyo ni mnyamapori. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 kumfuga kunahitaji kibali. Nenda ofisi ya wanyamapori uwaeleze ulivyompata, wanaweza kukuelekeza umwachie porini.

mama_tuntu
Asanteni sana. Jana jioni nilipuliza mpaka mkono ukauma, mwanangu ndiye aliyeona koo likicheza. Amekunywa karibu robo saa! Leo macho yamejaa. Ofisini nakwenda Jumatatu, wakisema aachiwe nitamwachia, ila nataka aondoke akiwa na nguvu. Jambo moja: tangu asubuhi anashuka chini na kukwaruza sakafu ya boksi. Anatafuta kutoka?

wa_mpwapwa
Tazama visigino vya miguu ya nyuma. Dume ana kijipembe kidogo pale.

mama_tuntu
Hana. Na tumbo naona limejaa pembeni.

wa_mpwapwa
Basi ni jike, na anatafuta pa kutagia. Banda liache kwanza. Leo jaza ndoo udongo uliochanganywa na mchanga, wenye unyevu wa kushikana mkononi, kina sentimita 30, mwekee fito ya kushukia, umfunike kwa shuka asione watu. Akikosa udongo mayai yanaweza kumkwama tumboni, naye akafa. Akianza kuchimba msimchungulie.