Taimulapsi ya maji kupwa na kujaa, nina kamera ya zamani na simu tu, naomba mwongozo

MtuWaPwani ameandika:

Wakuu habari za wikiendi. Mimi nakaa Kunduchi, Dar, kazini natoka jioni na Jumapili ndio siku yangu, na muda wangu wote wa ziada siku hizi unaishia kwenye kamera. Nataka kutengeneza kafilamu kafupi ka dakika 3 hivi kuhusu pwani ya hapa, pale mashua zinapolala ubavu kwenye mchanga maji yakishapwa halafu mchana huohuo zinasimama zenyewe na kuelea. Hiyo sehemu ya maji kurudi nataka iwe taimulapsi, yaani picha nyingi za masaa mengi zinazounganishwa zikimbie kama video.

Vifaa nina Canon ya zamani ya megapikseli 18 na ile lenzi yake iliyokuja nayo ya 18-55, stendi ya bei rahisi na simu ya Android.

Maswali sasa. Picha napiga kila baada ya muda gani? Maana huyu anasema sekunde 2, yule 5, mwingine 30 na wote wanaongea kwa uhakika. Pili, nikishaunganisha picha mwanga unarukaruka, fremu moja imeng'aa inayofuata imekolea, macho yanauma kuangalia, nini kinasababisha? Tatu, filamu nzima iwe taimulapsi au nichanganye na video ya kawaida? Bajeti ya kununua kitu kikubwa haipo kwa sasa. Natanguliza shukrani.

FundiLenzi ameandika:

Mkuu karibu sana, hili jambo nalipenda mno, kazi yangu ni harusi lakini nikipata nafasi ndio hivi vitu navifanya.

Usianze na sekunde, anza na kile kitu chenyewe kinachukua muda gani. Maji kutoka kupwa mpaka kujaa ni masaa 6 na dakika kama 12, ambayo ni sekunde 22,320. Tuseme unataka kipande cha sekunde 15 na unaediti kwa fremu 25 kwa sekunde, hapo unahitaji picha 375. Gawanya, unapata picha moja kila dakika basi. Hao wa sekunde 2 wanapiga mawingu yanayokimbia au watu sokoni, wa sekunde 30 wanapiga nyota kwa sababu shata yenyewe, ule mlango wa mwanga ndani ya kamera, inakaa wazi muda wote huo, kila mtu yuko sahihi kwa kitu chake.

Ila kwa mashua kuna jambo. Ikishaelea inacheza na mawimbi, ukipiga kila dakika utaona inarukaruka huku na huku kama ina wazimu, na mtu akipita anatokea fremu moja anapotea. Mimi ningepiga kila sekunde 10, zinakuja picha 2,232 kwa maji yote, halafu kwenye kuediti unaiharakisha mara 6 na kuiambia programu ichanganye fremu, mashua inatulia na watu wanakuwa kama kivuli kinachopita. Picha za JPEG kwa kamera yako ni kama MB 6 moja, kwahiyo GB 13 au 14, memori kadi ya 32 inatosha na kubaki.

Mwanga kurukaruka kunatokana na mawili. La kwanza kamera iko oto, inajipangia yenyewe, kila wingu likipita au mtu mwenye kanzu nyeupe akikatiza inapima upya. Weka manyuo, yaani upange mwenyewe kila kitu, shata, apecha (tundu la lenzi), ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga), na waiti balansi (rangi ya mwanga) ipeleke kwenye alama ya jua usiiache ijichagulie. Fokasi toa AF (inayojilenga yenyewe) weka MF (ya mkono) ukishalenga, na kile kitufe cha kuzuia mtikisiko kwenye lenzi zima. La pili wengi hawalijui, hata ukiwa manyuo vile vibati vya apecha ndani ya lenzi vinafungwa upya kila picha na havirudi palepale kabisa, tofauti ni ndogo sana lakini ukizipanga picha 25 kwa sekunde jicho linaikamata. Dawa yake iache apecha wazi kabisa, yaani namba 3.5 lenzi ikiwa kwenye 18, hapo vibati havifungwi. Kwa jua la mchana na ISO 100 shata itaangukia 1/2000 ya sekunde huko au juu kidogo, kamera yako inaweza.

BintiJambiani ameandika:

Assalam alaykum nyote. Mimi kamera si fundi, natumia simu, lakini maji nayajua nimekulia nayo hapa Jambiani, Unguja, na naona mmeingia kwenye hesabu kabla ya kuuliza ni maji gani.

Ndugu yangu chagua bamvua, yale maji makubwa. Maji mafu, yale madogo, mashua nyingine hata hazikauki vizuri na yanavyorudi hata huoni tofauti ya maana. Bamvua linakuja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na kishindo chake ni siku moja mbili baada ya hapo, kwetu huku na huko kwenu Dar maji yanapanda na kushuka karibu mita 4. Na uzuri wake mwengine, wakati wa bamvua maji yanakupwa kabisa saa 4 saa 5 za asubuhi na yanajaa saa 10 saa 11 jioni, kwahiyo safari yote ya maji kurudi iko ndani ya mchana. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, ukikosa siku yako ukaja baada ya wiki utakuta mambo yamegeuka, saa 4 asubuhi maji yamejaa.

Jengine, maji hayaji kwa mwendo mmoja. Saa la kwanza utasema hayajaanza, saa la pili yanachangamka, la tatu na la nne ndio yanakuja kwa nguvu, karibu nusu ya maji yote yanaingia kwenye masaa hayo mawili, halafu yanapunguza mpaka yanasimama. Sisi tunaofanya kazi na wakulima wa mwani tunalijua hili mwilini, ukiwa mbali kule kwenye mashamba na saa la tatu limekukuta bado unafunga kamba, unarudi maji kiunoni.

Na ombi, kina mama wa mwani na wavuvi wameshachoka kupigwa picha bila kuulizwa. Nenda siku ya kabla bila kamera, kaa, ongea, sema unafanya nini. Wengi watakubali, na ukishamaliza warudishie waione.

Mjomba_Kilifi ameandika:

Niko Kilifi, huku pia mashua zinalala hivyo hivyo kwa creek (mkono wa bahari) kwahiyo nakuelewa vizuri sana.

Hilo swali lako la tatu ndilo ningeanza nalo. Taimulapsi dakika 3 mfululizo mtu anachoka baada ya sekunde 40 hata kama ni nzuri vipi, kwa sababu hakuna mtu anayetaka kitu ndani yake. Lazima kuwe na mtu. Na mtu uko naye tayari, maji yakipwa ndio wakati fundi anakalafati mashua, na hana siku nzima, ana masaa machache tu kabla maji hayajamrudia. Hiyo ndiyo filamu ndugu yangu. Fundi anasokomeza pamba kwa tundu za mbao, anagonga na nyundo, kwa video ya kawaida, karibu kabisa, vidole na ile pamba iliyolowa mafuta. Kisha sekunde 4 za taimulapsi, maji yamesogea. Unarudi kwake, bado upande mmoja. Sekunde 4 tena, maji yamefika kwa usukani. Huhitaji maneno hata moja ya kueleza, mtazamaji ataanza mwenyewe kuomba fundi amalize.

Kwahiyo hicho kipande chako cha sekunde 15 usikiweke kizima, kikate mara 3 au 4 ukitawanye. Na pembe ya kamera ya taimulapsi isibadilike hata kidogo, mashua iwe palepale kwa fremu, ndio macho yashike kwamba kinachobadilika ni maji pekee.

Sauti wengi wanaisahau, taimulapsi haina sauti yake. Rekodi nyundo kwa simu dakika kadhaa, simu weka karibu na mbao, upande wa upepo ukinge na kitambaa. Halafu ukiingia kwa taimulapsi usiweke muziki, acha nyundo iendelee kugonga kwa mwendo wake wa kawaida chini ya picha zinazokimbia. Jaribu uone, inashika mtu vibaya.

MtuWaPwani ameandika:

Nyie watu mmenifungulia dunia, hiyo ya fundi wa kalafati sikuwahi kuifikiria na wapo hapa hapa nawapita kila siku. Bi Jambiani asante sana kwa ya bamvua, nimeshaangalia kalenda, mwezi mpevu unaofuata unadondokea katikati ya wiki lakini Jumapili ya baada yake naona bado bamvua lipo ila limeanza kulegea kidogo, naweza kuitumia?

Tatizo langu sasa ni betri. Ninayo moja na imezeeka, picha 2,232 haifiki hata kwa maombi, na kwenye kamera yangu mlango wa betri uko chini, nikitaka kubadilisha lazima niguse stendi na pembe imeshaondoka.

FundiLenzi ameandika:

Kwa betri jibu lako tayari kalitoa Bi Jambiani. Usipige masaa 6, piga lile saa la tatu na la nne tu, nusu ya maji yanaingia hapo. Masaa mawili kila sekunde 10 ni picha 720, kwenye kuediti ziharakishe mara 2 badala ya 6 upate sekunde kama 14, na ukizima kioo cha nyuma na kuzima kamera isikuonyeshe picha kila ikipiga, betri iliyochoka kidogo inaweza kufika. Ukipata wa kukukopesha betri ya pili ichaji pia ila iwe ya video za fundi. Kamera isiyo na taima ndani tafuta rimoti yenye taima, ile ya waya siyo ghali na za mtumba zipo.

Saa la kwanza na la pili piga kwa simu pembeni kama akiba, Open Camera ni ya bure na ina sehemu ya kurudia picha, funga mwanga na fokasi, weka hali ya ndege, chomeka pawabenki, na simu iwe kivulini maana jua la Dar ikipata moto inajizima yenyewe.

Jua la utosi rangi zitapauka, ni kweli, lakini mwanga wenyewe haubadiliki sana kwahiyo hutahangaika na shata katikati ya kazi, kwa filamu ya kwanza hiyo ni faida kubwa kuliko rangi. Kuediti tumia DaVinci Resolve ya bure kama una kompyuta, folda la picha inaliona kama klipu moja. Picha zako zina upana wa pikseli 5184 na filamu ya HD inataka 1920, nafasi ya kuvuta karibu unayo tele, ila msikilize Mjomba, pembe isimame.

BintiJambiani ameandika:

Jumapili hiyo itafaa, ikiwa ni siku tatu nne baada ya mpevu maji bado ni makubwa, ila jua kwamba kukupwa kutakuwa kumesogea mpaka mchana kwahiyo saa la tatu na la nne litakuwa alasiri na kujaa kutakukuta magharibi. Muulize mvuvi yeyote hapo atakwambia saa kamili.

Na stendi usiiweke mchangani chini. Angalia ule mstari wa majani na takataka yalipoishia maji ya jana, kaa juu yake hatua kadhaa, uning'inize mfuko wa mchanga katikati ya stendi. Ikiwa ni miezi ya kusi fanya mifuko miwili, huo upepo hauna mchezo.

Mjomba_Kilifi ameandika:

Ukimaliza iweke hapa tuione, hata ikiwa bado mbichi. Na usiifungie kwa simu, ZIFF, lile tamasha la filamu kule Zanzibar, huwa wanapokea filamu fupi, angalia masharti yao ya mwaka huu kabla hujaamua urefu wa mwisho.