Zamu za usiku zimenifanya niuchukie wimbo nilioungoja miezi. Naomba ushauri

Wakuu, habari zenu.

Mimi ni shabiki wa muda mrefu wa BTS, lile kundi la muziki la Korea Kusini. Mwaka 2020 walipokamata namba moja ya Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, kwa mara ya kwanza, nililia kama waliopanda ni ndugu zangu wa damu.

Kila wimbo mpya ukitoka, kundi letu la mashabiki hugawana zamu za kuusikiliza ili upande chati. Mimi nachukua usiku. Simu moja chini ya mto, nyingine kwenye chaji, zote zinarudia wimbo uleule, sauti nimeiacha kidogo tu kwa sababu tunaambiwa ukiizima kabisa hauhesabiwi. Asubuhi naandika daftarini nimefikisha mara ngapi, napiga picha, natuma.

Juzi nilipitiwa na usingizi saa nane usiku. Kulipokucha nikakuta kiongozi wa zamu ameandika jina langu mbele ya kundi zima, eti nimewaangusha. Tangu hapo nikisikia mapigo ya mwanzo tu ya ule wimbo, tumbo linanikaza. Nikijitoa nitaitwa msaliti, na hao ndio marafiki nilio nao. Nifanyeje?

Kiitikio: Pole sana mdogo wangu. Kwanza lala. Nami nilikesha hivyo kwa msanii wangu, nikaja kugundua nusu ya jasho lilipotea bure. Spotify, ile programu ya kusikilizia muziki mtandaoni, wanahesabu wimbo ukishapita sekunde 30, ndiyo, lakini wakiona usikilizaji unafanana na wa mashine wanaufuta. Halafu Hot 100 haipimi usikilizaji peke yake. Mauzo yamo, redio imo. Hata kwenye mauzo, Billboard walishapunguza nakala za kupakua ambazo mtu mmoja anahesabiwa kwa wiki. Simu yako ya chini ya mto haibebi wimbo mzima.

Shabiki Sugu: Kiitikio, hapo sikubaliani nawe kabisa. Redio nyingi za Marekani zilisita kupiga nyimbo za Kikorea, mashabiki ndio waliosukuma mpaka milango ikafunguka. Mtoa mada, usijione mjinga, ulichofanya kina maana. Ila kumwanika mtu hadharani kwa sababu ya usingizi ni uonevu. Mwandikie kiongozi faraghani, mwambie alikuumiza na kwamba zamu za usiku basi. Akikataa, hapo utajua ulikuwa kwa watu gani.

Kanda Mbili: Mimi ni wa enzi za kaseti. Tulikaa kando ya redio, kidole juu ya kitufe cha kurekodi, tunaomba mtangazaji asiongee juu ya wimbo. Ukiupata, unausikiliza mpaka utepe unalegea, na hakuna aliyekuwa anakudai hesabu. Huo wimbo uweke kando kwa sasa, usiuguse. Sikiliza albamu yao ya zamani kuanzia wimbo wa kwanza, mchana, ukiwa na spika za masikioni, bila daftari. Kuhusu marafiki, usiwaage wote kwa mkupuo. Mpigie mmoja unayemwamini, ongeeni mambo mengine kabisa, uone kama mna la kuongea.

Mtoa mada: Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Kiongozi nimemwandikia, bado hajajibu. Nimempigia mwenzangu mmoja wa zamu, kumbe naye halali na alikuwa anaogopa kusema. Tumeongea karibu saa nzima, chati hatukuzitaja. Usiku huu simu zote mbili nazima.

Kiitikio, swali moja: wewe ilikuchukua muda gani hadi ukaweza kuusikiliza tena?

Kiitikio: Kama wiki sita. Nilikuwa nafua, ukapigwa redioni kwa jirani, nikajikuta naitikia.